Hedifoni: Jinsi ya kusoma mchoro wa vipimo kabla ya kutoa pesa

Na MWANDISHI WETU

WANUNUZI wengi wa hedifoni huongozwa na mambo matatu: bei, jina la kampuni na maandishi yaliyo kwenye pakiti. Ni wachache wanaofahamu kwamba sauti ya kifaa hicho yaweza kupimwa kwa mitambo, matokeo yakachorwa, na mnunuzi akajua kwa kiasi kikubwa atakachosikia kabla hajafungua mkoba.

Zamani maarifa hayo yalikuwa ya wahandisi pekee. Siku hizi michoro ya vipimo vya maelfu ya hedifoni inapatikana bila malipo kwenye intaneti, na kijana wa mtaa wa Manyatta mjini Kisumu mwenye simu ya mkononi anaweza kuitazama sawa na mhandisi wa Tokyo. Kinachosumbua ni kuisoma. Mchoro ambao haukueleweka humpotosha mnunuzi kuliko hata maneno matamu ya mchuuzi, kwa kuwa huja umevaa joho la sayansi.

Katika mitaa kama Manyatta, suala hili si anasa ya matajiri. Nyumba zimebanana, ukuta mmoja hugawanya familia mbili, na anayetaka kusikiliza benga au ohangla usiku bila kumkera jirani hana budi kutumia hedifoni. Mchana kelele za Kondele, honi za matatu na nyundo za mafundi wa jua kali humlazimu msikilizaji kupandisha sauti. Hivyo basi, anayechagua vibaya hupoteza pesa kwanza, na baadaye huenda akapoteza uwezo wake wa kusikia.

MCHORO HUONYESHA NINI

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Idadi ya mitikisiko kwa sekunde moja huitwa masafa, na kizio chake ni hezi. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia hezi 20 hivi hadi hezi 20,000. Kadiri umri unavyosonga, uwezo wa kusikia masafa ya juu hupungua.

Ili msomaji apate picha kamili, tuchukue bendi ya benga. Uzi mzito zaidi wa gitaa la besi lenye nyuzi nne hutoa mtikisiko wa hezi 41 hivi. Uzi mzito wa gitaa la kawaida hutoa hezi 82. Sauti ya msingi ya mwimbaji mwanamume huwa kati ya hezi 100 na mia kadhaa, huku herufi kama "s" na "sh" zikibebwa na masafa ya maelfu, hasa hezi 4,000 kwenda juu. Vivyo hivyo, njuga anazovaa mpiga nyatiti mguuni hung'ara katika masafa ya juu, ilhali nyuzi nene za ala hiyo huunguruma chini.

Mchoro wa vipimo una mihimili miwili. Ule wa mlalo huonyesha masafa, sauti nzito zikiwa kushoto na nyembamba kulia. Ule wa wima huonyesha nguvu ya sauti kwa desibeli. Mstari unaopita katikati ndio huitwa mwitikio wa masafa: hueleza ni sauti zipi ambazo hedifoni huzipaza na zipi inazififisha, iwapo zote zimeingizwa kwa nguvu sawa.

Msomaji atagundua kuwa umbali kati ya hezi 100 na 200 katika mhimili wa mlalo ni sawa na ule wa kati ya hezi 5,000 na 10,000. Hilo si kosa. Sikio hupima sauti kwa kuzidisha wala si kwa kujumlisha. Kila masafa yanapoongezeka maradufu, tunasikia sauti ileile ikiwa imepanda oktavu moja. Kutoka hezi 20 hadi 20,000 kuna oktavu kumi hivi.

Kuhusu desibeli, tofauti ya desibeli moja ni vigumu kuitambua, tatu husikika bila shida, na ongezeko la kumi huchukuliwa na wasikilizaji wengi kuwa sauti imekuwa kubwa maradufu.

KWA NINI MSTARI ULIONYOOKA SI BORA

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Ni rahisi kudhani kuwa hedifoni bora ni ile ambayo mstari wake umenyooka kama barabara ya lami. Dhana hiyo inafaa kwa kipaza sauti cha studio au kikuza sauti. Kwa hedifoni, haifai.

Sababu ni umbo la sikio lenyewe. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na mwisho wake umezibwa na kiwambo. Sawa na chupa inayolia mtu anapopuliza mdomo wake, mfereji huo una sauti yake unayoipenda. Sauti hiyo huwa karibu na hezi 3,000. Ukiongeza mchango wa sikio la nje, kichwa na mabega, sauti za masafa hayo zinazotoka kwenye spika iliyo mbele yetu hufika kwenye kiwambo zikiwa zimeongezewa desibeli kumi au zaidi.

Ubongo umeyazoea hayo tangu utotoni, na kwake hali hiyo ndiyo ya kawaida. Hedifoni hukatiza safari hiyo. Zile za kuchomeka ndani ya sikio huruka sikio la nje kabisa na kubadilisha mwangwi wa mfereji. Kwa hivyo ni lazima hedifoni yenyewe irejeshe kile kilichopotea. Ikipimwa mahali palipo na kiwambo, mchoro wake unapaswa kuonyesha kilima karibu na hezi 3,000. Isiyo na kilima hicho huwafanya waimbaji wasikike kana kwamba wamefunikwa blanketi.

VIPIMO HUFANYWAJE

Kwa kuwa haiwezekani kuweka kipaza sauti mahali palipo na kiwambo cha kila mtu, wahandisi hutumia sikio bandia. Hiki ni kifaa cha chuma chenye vijitundu na vyumba vidogo vinavyoiga jinsi sikio la binadamu linavyoipokea hewa, na mwisho wake kuna maikrofoni ndogo. Kwa hedifoni kubwa za kufunika masikio, huongezwa sikio la nje la mpira, au sanamu nzima ya kichwa na mabega.

Sanamu mashuhuri zaidi huitwa KEMAR. Ilianza kutumiwa mwaka wa 1972 katika utafiti wa vifaa vya kuwasaidia wasiosikia vyema. Kiwango cha kimataifa cha sikio bandia kinachotumika sana ni IEC 60318-4, ambacho zamani kilijulikana kwa nambari 711. Katika miaka ya karibuni kampuni ya Brüel & Kjær ya Denmark imetoa kichwa bandia aina ya 5128, ambacho mfereji wake umeundwa kwa kufuata vipimo vya masikio ya watu halisi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kila kifaa hutoa mchoro wake. Hedifoni moja ikipimwa kwa mitambo miwili tofauti, mistari haitalingana, na hakuna aliyedanganya. Kwa sababu hiyo, linganisha hedifoni mbili pale tu zilipopimwa na mtu mmoja, kwa kifaa kimoja.

LENGO NI LA NANI?

Iwapo mstari ulionyooka haufai, basi mstari unaofaa ni upi? Swali hili limewashughulisha wataalamu kwa miongo mingi. Katika miaka ya 1980 mtaalamu wa Ujerumani, Günther Theile, alipendekeza hedifoni iige sauti inayomfikia mtu kutoka pande zote kwa usawa ndani ya chumba maalumu chenye mwangwi mwingi. Pendekezo hilo lilikuwa na mantiki, ila wasikilizaji wengi waliona sauti yake ni kavu na besi yake ni haba.

Mwaka wa 2012 na 2013, watafiti Sean Olive na Todd Welti wa kampuni ya Harman nchini Marekani walianza kuchapisha matokeo ya njia nyingine. Walipima sauti ya spika bora ndani ya chumba kizuri cha kusikilizia, wakaiga sauti hiyo kwenye hedifoni, kisha wakawaachia wasikilizaji warekebishe besi na sauti za juu hadi waridhike. Wasikilizaji hawakuambiwa ni hedifoni ya kampuni gani wanayoisikia, ili jina lisiwapumbaze.

Kutokana na majaribio hayo ulizaliwa mstari unaojulikana kama lengo la Harman, ambao umefanyiwa marekebisho mara kadhaa tangu hapo. Sura yake ni rahisi kukumbuka: besi imeinuliwa kwa takriban desibeli sita chini ya hezi 100, sehemu ya kati imetulia, kilima cha hezi 3,000 kipo, na baada ya hapo mstari unateremka polepole. Kwa zile za kuchomeka ndani ya sikio, besi imeinuliwa zaidi kidogo.

Katika mojawapo ya tafiti hizo, wasikilizaji 238 kutoka Kanada, Marekani, Ujerumani na China walishirikishwa, na kwa jumla walikubaliana. Utafiti wa baadaye uliwagawa wasikilizaji katika makundi matatu: asilimia 64 walipendelea hedifoni zilizokaribia lengo hilo, asilimia 15 walitaka besi zaidi, na asilimia 21 walitaka besi kidogo kuliko hiyo.

Ni vyema msomaji azingatie mambo mawili. Kwanza, Harman ni mtengenezaji mwenye bidhaa zake sokoni, zikiwemo za JBL na AKG, na tangu mwaka wa 2017 inamilikiwa na Samsung. Hilo halibatilishi utafiti uliochapishwa hadharani na unaoweza kukaguliwa na wengine, lakini anayesoma anapaswa kulijua.

Pili, katika orodha ya nchi hizo nne hakuna hata moja ya Afrika. Mpenzi wa benga wa Manyatta, aliyekulia kando ya spika kubwa za matanga na za matatu, hakuulizwa. Haifai kukimbilia kusema kwamba masikio yake ni tofauti; kule kukubaliana kwa watu wa mabara matatu kunaashiria kwamba umri na uzoefu wa msikilizaji huenda vina uzito kuliko uraia wake. Hata hivyo, lengo la mapendeleo ni wastani wa watu waliojaribiwa. Si sheria, na anayetaka besi zaidi ya hapo hajakosea. Yumo tu katika lile kundi la asilimia 15.

KANDA NA SANTURI ZA KALE

Kuna jambo jingine ambalo mchoro hauwezi kulitatua. Mtaalamu Floyd Toole, ambaye utafiti wake wa spika ulianzia Kanada, aliliita mduara wa mkanganyiko: fundi wa studio husawazisha wimbo kwa kutegemea spika alizo nazo, nasi tunapima spika zetu kwa kutumia wimbo uleule. Ikiwa spika za studio zilipungukiwa na besi, fundi aliiongeza. Na kinyume chake.

Wapenzi wa benga wanalijua hili hata kama hawajalipa jina. Nyimbo za miaka ya 1960 na 1970 za akina D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati nchini Tanzania aliyefariki mwaka wa 2006, zilitolewa kwenye santuri ndogo, nyingi zikanakiliwa kwenye kanda, na nakala za kanda zikageuzwa kuwa faili za simu. Kila hatua ilipunguza kitu. Hedifoni inayofuata lengo kikamilifu itazionyesha nyimbo hizo jinsi zilivyo, pamoja na mikwaruzo na wembamba wake. Nyimbo za ohangla za siku hizi, zilizorekodiwa kwa kinanda cha umeme na besi nzito, zitasikika tofauti kabisa kwenye hedifoni iyo hiyo.

Suluhisho si kununua hedifoni mbili. Programu nyingi za muziki kwenye simu zina ikwalaiza, yaani kirekebishi cha masafa. Kwa wimbo wa zamani ulio mwembamba, ongeza besi kidogo. Kwa wimbo mpya, rudisha mahali pake. La busara ni kushusha sauti ya jumla kwanza kwa kiasi kilekile unachotaka kuongeza kwenye besi, la sivyo sauti itapasuka.

BEI SI KIPIMO

Habari njema kwa mwenye kipato kidogo ilitolewa mwaka wa 2017, wakati mtafiti Jeroen Breebaart alipochapisha uchunguzi wa vipimo vya hedifoni 283. Hakupata uhusiano wa maana kati ya bei na mwitikio wa masafa. Kwa maneno mengine, anayelipa mara kumi hanunui sauti iliyo bora mara kumi. Mara nyingi hulipia malighafi, starehe ya kuvaa, uimara, kuondoa kelele au jina.

Hii haina maana kwamba kila bidhaa ya bei nafuu sokoni Kibuye ni nzuri. Bidhaa ghushi ni nyingi, na mchoro wa hedifoni halisi hauhusu iliyoigwa hata kama pakiti zinafanana kama shilingi kwa ya pili.

MITEGO YA KUEPUKA

Maandishi ya "hezi 20 hadi 20,000" kwenye pakiti hayana maana yoyote iwapo hayakuambatana na kiasi cha desibeli ambacho mstari unaweza kupanda au kushuka. Karibu hedifoni yoyote hutoa chochote katika hezi 20. Swali ni kwa nguvu gani.

Pia, tazama mhimili wa wima kabla ya kutazama mstari. Mchoro wenye mhimili wa desibeli 100 huufanya mstari wowote uonekane umenyooka, ilhali wa desibeli 20 hugeuza vilima vidogo kuwa Mlima Kenya. Vilevile, kuna wanaolainisha mstari kwa kukokotoa wastani, na mabonde yaliyo finyu yakatoweka.

Uliza pia iwapo mchoro ni ghafi au umeshatolewa lengo. Katika ule ghafi, hedifoni nzuri ina kilima cha hezi 3,000. Katika ule uliotolewa lengo, hedifoni nzuri hukaribia mstari ulionyooka, kwa kuwa kinachoonyeshwa ni tofauti tu. Anayechanganya michoro hii miwili hufikia uamuzi ulio kinyume na ukweli.

Aidha, usibishane kuhusu vilele vilivyo juu ya hezi 8,000 hadi 10,000. Huko sikio bandia la kawaida hupoteza usahihi, na kusogeza hedifoni milimita chache hubadilisha mstari. Masikio ya watu nayo hutofautiana zaidi katika masafa hayo kuliko kwingineko.

KUZIBA, KELELE NA AFYA

Vipimo vya hedifoni za kuchomeka hufanywa zikiwa zimeziba mfereji barabara. Kijimpira kikiwa kidogo kuliko tundu la sikio, hewa huvuja na besi huponyoka. Upungufu wa desibeli kumi au zaidi chini ya hezi 100 si ajabu. Wengi hulaumu hedifoni ilhali kosa ni la kijimpira. Pakiti nyingi huja na saizi tatu. Zijaribu zote, na usishangae masikio yako mawili yakihitaji saizi tofauti.

Hapa ndipo suala la afya linapoingia. Besi ikivuja na kelele za barabara zikiingia, msikilizaji hupandisha sauti yote, zikiwemo zile za masafa ya kati ambazo tayari zilikuwa zinatosha. Shirika la Afya Duniani pamoja na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano wameweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa watu wazima. Kila zinapoongezeka desibeli tatu, muda hupungua kwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10, desibeli 89 ni saa tano, na desibeli 95 ni saa moja na robo tu kwa wiki nzima.

Chembechembe za ndani ya sikio zinazogeuza mtikisiko kuwa ishara za neva zikifa, hazioti tena. Dalili ya awali ni mlio unaobaki masikioni baada ya kuvua hedifoni. Mwenye kuusikia mara kwa mara anafaa kupunguza sauti na kumwona daktari.

Kwa mhudumu wa bodaboda, hedifoni inayoziba vyema ina hatari nyingine: inazuia honi ya lori lililo nyuma yake. Mchoro mzuri kiasi gani hauhalalishi kuivaa barabarani.

MAMBO YA KUFANYA KABLA YA KUNUNUA

* Tafuta mchoro wa hedifoni unayoitaka na wa nyingine unayoifahamu, kutoka kwa mpimaji mmoja.

* Hakikisha iwapo mchoro ni ghafi au umetolewa lengo, na lengo lenyewe ni lipi.

* Angalia kwanza mwendo wa jumla: besi chini ya hezi 200, utulivu hadi hezi 1,000, kilima cha hezi 3,000, na mteremko baada yake. Vijilima vidogo viache.

* Nenda dukani na nyimbo tatu unazozijua kwa moyo: moja ya gitaa na sauti ya mwimbaji, moja ya ngoma na besi, na moja ya zamani. Wimbo usioufahamu hauwezi kukuambia kitu.

* Unapolinganisha hedifoni mbili, sawazisha sauti. Iliyo juu kidogo huonekana bora hata pale ambapo si bora.

* Kumbuka kwamba mchoro hausemi chochote kuhusu uimara wa waya, uzito kichwani, maikrofoni ya kupigia simu wala muda wa betri. Hayo yachunguze kwa mikono yako na uulize kuhusu dhamana.